Jumamosi Moja ya Mama

Paskali, mdogo wangu, na wewe Siwema binti wa mamdogo, hii nawaandikia nyie wawili, kwa sababu kuanzia sasa kamera ni yenu na mimi nimestaafu. Msicheke. Najua watu wanastaafu wakiwa na mvi, wanapewa mabati na baiskeli, wanapigiwa makofi. Mimi niliianza kazi hii nikiwa kidato cha kwanza, nimeiacha baada ya mtihani wa kidato cha nne, na karibu kila Jumamosi ya kiangazi hapo katikati niliitumia kwenye harusi ya mtu mwingine. Inatosha. Mshahara sitauzungumzia kwa kuwa haukuwepo, na cheo nacho sikupanda: nilianza nikiwa mtoto wa mpiga picha, naondoka hivyohivyo. Nitaeleza kazi tu. Kwa mdomo nisingeweza, mnanijua. Nikiwa na watu zaidi ya watatu maneno yangu hukaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwenye karatasi hayana aibu.

Harusi yangu ya kwanza kazini ilikuwa kijiji cha Kasokola. Kijana aliyekuwa akimsaidia Baba alikuwa amekimbilia machimbo ya dhahabu, tena bila kuaga, na Baba hakuwa na mtu mwingine. Akanipakia nyuma ya baiskeli, begi la kamera nimelipakata kama mtoto mchanga, tukatoka kwetu Shanwe asubuhi jua bado dogo. Njiani nilikuwa nawaza kwamba kazi yangu ni kubeba begi. Kumbe begi linaweza kubebwa hata na punda. Kazi ya msaidizi wa mpiga picha za harusi ni kuita watu.

"Waite ndugu wa bwana harusi," Baba alisema, jicho lake likiwa tayari kwenye kamera.

Nikafungua mdomo. Hapakutoka kitu. Walikuwa wengi, wamevaa vizuri, wanapiga kelele, mimi nina sketi ya shule. Nikaanza kupita mmoja mmoja nikivuta mikono ya mashati. Bibi mmoja niliyemvuta kanga akanitazama kutoka juu mpaka chini, akawageukia wenzake.

"Jamani, mpiga picha kaja na bubu?"

Wakacheka. Baba akashusha kamera, akaita mwenyewe, na sauti yake ilikuwa kubwa mpaka kuku wakakimbia: "Ndugu wa bwana harusi! Wafupi mbele! Mama mwenye kilemba cha njano, sogea, unamziba shemeji! Legezeni mabega, hii siyo gwaride!" Wakapangika kama vitabu. Nilimshangaa. Nyumbani Baba ni mtu wa maneno machache sana. Wageni wakija, yeye huwa ana dawa za picha za kuchanganya stoo, na anazichanganya mpaka wageni waondoke. Lakini akiwa na kamera usoni alikuwa mtu mwingine, anaamuru hata wazee wa kanisa.

Wakati wa kurudi nikawa nalia kimya kimya mgongoni kwake. Akajua, maana shati lililowa.

"Sauti utaipata," akasema bila kugeuka. "Leo umepata vumbi. Mtu hapati vyote siku moja."

Sauti sikuipata mwaka huo, wala uliofuata. Nikabuni njia yangu: nilikuwa nakariri majina ya ndugu mapema, kisha namnong'oneza mtu mmoja mwenye kelele, kwa kawaida shangazi wa bi harusi, yeye ndiye anaita. Kila harusi ina shangazi wa namna hiyo. Mtafuteni kabla hata ya kufungua begi. Mimi nilimaliza karibu kazi zangu zote kwa kutumia midomo ya mashangazi.

Sasa vifaa. Kamera yetu ni ya chuma, ya Kirusi, nzito, ukiigonga ukutani utatoboa ukuta. Msiiogope. Kitu cha kuogopa ni vumbi letu la Mpanda la mwezi wa nane, linaingia hata ndani ya yai. Ifungieni kwenye kitambaa, halafu mfuko wa nailoni, halafu begi. Filamu ikiwekwa, hakikisheni meno yameshika matundu ya pembeni, maana isiposhika, kamera italia vizuri tu, namba zitapanda vizuri tu, na mtakuwa mmepiga harusi nzima hewani. Ilishamkuta mpiga picha mmoja wa hapa mjini. Yeye sasa anauza nyanya.

Flashi ndiyo bibi wa nyumba. Inataka kubembelezwa. Ukishapiga, lazima usubiri taa yake ndogo ya nyuma, kale kataa kekundu, kawake tena ndipo upige nyingine. Betri zikiwa mpya, ni kama kusema "Baba yetu uliye mbinguni". Betri zikiwa zimechoka, unaweza kumaliza sala yote na bado. Betri zilizochoka zianikeni juani juu ya bati, zinafufuka kidogo, lakini msiziamini. Zinafufuka kwa ajili ya kuwaaibisha.

Picha nyeusi na nyeupe tunasafisha wenyewe stoo, mnajua, na mnajua pia vita vya mabeseni. Mama akinunua beseni la kuoshea mchicha, baada ya wiki lina dawa ya Baba. "Mume wangu, utatulisha picha," Mama husema. Mikanda iliyosafishwa inaanikwa kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, kwa hiyo miaka yote hii kwetu mikia ya harusi za watu imekuwa ikining'inia katikati ya nguo zetu za ndani. Picha za rangi haziwezekani hapa. Hizo zinapanda treni kwenda Tabora kwenye kopo la maziwa ya unga, mkononi mwa mhudumu wa behewa, na zinarudi na kopo hilohilo. Maharusi wanakuja kuuliza kila siku. Kujibu "treni bado" bila kumkasirisha mtu ni ufundi, na huo pekee niliumudu mapema, kwa sababu ni maneno mawili tu.

Kuna jambo moja lazima mlijue, hata kama halitawapendeza. Linaitwa moto mtupu. Filamu ina picha chache na harusi ina watu wengi, na kila mlevi anataka apigwe akiwa amekumbatia jirani. Ukimkatalia atakuvunjia kamera. Basi Baba anampangia vizuri, anamwambia atabasamu, anawasha flashi pekee bila kubonyeza kamera. Mwanga unapiga pwaa, mtu anaridhika, anakwenda kucheza. Kesho hakumbuki. Mama aliwahi kumuuliza Baba kama hiyo siyo dhambi. Baba akafikiri sana, akasema, "Nimemwangazia. Sijamwambia nimempiga."

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nitasema moja. Misunkumilo, harusi ya familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Baba wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye fimbo, alikataa picha ya familia isipigwe mpaka dume moja kubwa jeupe litolewe zizini kwa wakwe, kwani lilikuwa limeongoza ng'ombe wa mahari.

"Mzee, huyu naye wa nini?" Baba akauliza.

"Huyu ndiye aliyeoa," mzee akasema, akimpigapiga dume mgongoni. "Mtoto wangu alimsindikiza tu."

Dume likaletwa. Bi harusi akasogea mbali na gauni lake, dume likamfuata. Watu wakakimbia, keki ikainuliwa juu kama mtoto kwenye mafuriko. Mimi nilikuwa nimeshajificha nyuma ya tela la trekta. Baba akasimama palepale. "Msimpange ng'ombe," akawaambia. "Mwacheni asimame anapopenda, halafu nyie mjipange pembeni yake." Ikawa picha nzuri kuliko zote za mwaka ule. Somo nililochukua ni hilo: katika kila harusi kuna mmoja asiyepangika. Mjue mapema ni nani, kisha wengine wote wamzunguke. Sikujua kwamba kwetu, huyo asiyepangika alikuwa Baba mwenyewe.

Na kuna sheria moja ambayo Baba hajawahi kuivunja: kwenye komunio, kamera inalala. Watu wakianza kujipanga kumpokea Yesu, anaifunga kamera, anaiweka chini, anapiga goti. Hata mbunge angekuwa kwenye mstari. "Pale watu hawasimami kwa ajili yetu," anasema.

Hapo ndipo habari ya Mama inapoanzia, na nitaisema wazi kwa sababu ilipoanza Paskali ulikuwa mdogo, na Siwema ulikuwa bado Karema.

Baba na Mama walioana kimila. Mahari ilipokelewa Karema, kwao Mama kando ya ziwa, wazee wakanywa, Mama akaletwa Mpanda, tukazaliwa. Ndoa ya kanisani haikufungwa. Kwa hiyo Mama, anayefagia kanisa na kujua nyimbo zote za kwaya pamoja na sauti ya pili, alikuwa hapokei komunio. Kila Jumapili watu wa benchi letu wakisimama kwenda mbele, Mama alikunja magoti pembeni ili awapishe wapite, kisha akayakunja tena wakirudi. Nimekua nikiyatazama hayo magoti. Hakulalamika hata siku moja mbele yetu. Lakini wakati huo wa kupishana alikuwa anatazama chini, anachomoa uzi kwenye kanga yake, na uzi wenyewe haukuwepo.

Kisa cha kutofunga ndoa kilikuwa Jumamosi. Masika barabara ya Karema haipitiki, ndugu wa Mama hawawezi kuja. Kwaresima hakuna harusi, Majilio hakuna harusi. Kinabaki kiangazi, na kiangazi chote, baada ya watu kuuza mazao, kila Jumamosi Baba ameitwa kwenye harusi ya mtu. Yaani mtu aliyesimama altareni mara nyingi kuliko katekista alikuwa hana siku ya kusimama yeye. "Mwakani," alikuwa anasema. Mama anasema, "Sawa Baba Resti," akimwita kwa jina langu. Mwakani inafika, imeshashikwa.

Mwaka huu, mwezi wa sita, nilikuwa studio nakata picha za paspoti, Baba anafuta lenzi, Mama akaingia kwa mlango wa mbele. Huwa anaingia kwa mlango wa uani. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani na ameshika mkoba. Akasimama mbele ya meza kama mteja.

"Karibu," Baba akasema, amechanganyikiwa.

"Ahsante. Nina harusi. Nataka mpiga picha."

"Harusi ya nani?"

"Tazama kwanza kama una nafasi." Akanyoosha kidole kwenye kalenda ya ukutani, ile ambayo Baba huzungushia duara kila Jumamosi iliyochukuliwa. Katikati ya mwezi wa tisa palikuwa na moja tupu, maharusi wake walikuwa wameahirisha. "Hiyo hapo ni ya mtu?"

"Sio ya mtu."

Mama akachukua kalamu nyekundu juu ya meza, akaizungushia duara mwenyewe, akaizungushia tena. "Sasa ni ya mtu," akasema. "Jina la bi harusi ni Yasinta. La bwana harusi utaliandika wewe ukiwa tayari. Padri nimeshaongea naye, anakusubiri."

Baba akatazama kalenda, akatazama lenzi, akasema neno la kipuuzi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema: "Nani atapiga picha?"

"Resti," Mama akasema, akatoka kwa mlango uleule wa mbele.

Mimi mkasi ulinidondoka.

Matangazo ya ndoa yakasomwa Jumapili tatu. Katekista alipouliza kama kuna anayejua kizuizi chochote, mzee mmoja wa kwaya akasema kwa nguvu, "Kizuizi kilikuwa Jumamosi!" na kanisa zima likacheka. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Niliona masikio yake yamebadilika rangi, nikafikiri ni hasira.

Siku chache kabla ya harusi nikamwambia akae kwenye kigoda cha studio, mbele ya pazia letu lenye ndege na maua, nijaribu flashi. Akakaa. Jamani. Mabega yalipanda mpaka masikioni, mikono akaiweka magotini, akaiondoa, akairudisha. Uso ukakauka kama wa mtu anayesomewa hukumu.

"Baba, legeza mabega."

"Yamelegea."

"Hayajalegea."

Akajaribu kutabasamu. Nilishusha kamera kwa huruma. Nikafikiria kuta za nyumba yetu: picha za harusi za nusu ya Mpanda, na ya Baba hakuna hata moja, ukiacha ile ya paspoti kwenye kadi yake, ambayo anaonekana kama ameibiwa.

"Unafikiri niliishikia nini hii kamera?" akasema taratibu, akitazama sakafu. "Nilipokuwa kijana nilikuwa siwezi kuingia kwenye sherehe. Nilikuwa nasimama nje ya uzio. Halafu mtu mmoja akanifundisha kupiga picha, nikagundua kwamba mwenye kamera hatazamwi. Anaingia popote na hakuna anayemtazama. Sasa mama yako anataka nisimame pale mbele, watu wote, bila kitu mkononi."

"Na hizo Jumamosi zote?"

"Zilikuwa kweli zimejaa," akasema. Kisha akaongeza: "Nyingine nilizijaza."

Nilikuwa nimeamini maisha yangu yote kwamba aibu yangu nimeiokota tu mahali, kama upele. Kumbe ina ukoo. Nilijisikia vizuri ajabu, kama mtu aliyekuwa anabeba ndoo mbili na mwenzie akapokea moja.

Ndugu wa Karema wakafika Alhamisi juu ya lori la dagaa, wakinuka ziwa. Aliyewaongoza ni mjomba Filbeti, kaka wa Mama, mtu mwema asiyeweza kukaa bila redio yake ndogo ya mkononi. Ijumaa jioni nikaweka betri mpya kwenye flashi, nikaijaribu mara mbili, kataa kekundu kakawaka upesi. Nikaenda kulala na amani. Hilo ndilo kosa: betri mpya msizilaze kwenye nyumba yenye mgeni mwenye redio.

Asubuhi Mama alivaa gauni la rangi ya maziwa lililoshonwa hapahapa Shanwe. Shela alikataa. "Nimfiche nani sura, na mwenyewe anaijua?" Nilipokuwa namwekea ua kichwani akanishika mkono.

"Resti mwanangu, usije ukanipiga moto mtupu."

"Mama!"

"Nasema tu. Baba yako namjua, na wewe ni mtoto wake."

Tukaingia kanisani. Nikapiga picha ya mlangoni, nikasubiri kataa. Kakachelewa. Nikapiga ya pete mezani, nikasubiri, kakachelewa zaidi. Nikaanza kutoka jasho. Kanisa letu madirisha ni madogo, bila flashi picha inatoka kama moshi. Nikaamua niache kila kitu, nitunze nguvu iliyobaki kwa ajili ya ahadi tu. Lakini kwaya ilipomaliza wimbo na watu walipokaa, kataa kalikuwa bado hakajawaka.

Padri akamwambia Baba amshike Mama mkono wa kulia na aseme maneno yake. Baba akashika mkono. Akafungua mdomo. Jicho lake likahama kutoka kwa Mama likaja kwenye flashi yangu. Akaufunga.

Padri akamrudishia maneno ya kwanza kwa upole, akidhani amesahau. Nikaona mabega yanapanda. Nyuma yangu bibi mmoja akanong'ona kwa nguvu, "Anakataa?" Mwingine akamjibu, "Mwanaume anaghairi na watoto wake wapo!" Mkono wa Mama ulikuwa ndani ya mkono wake na uso wa Mama ulikuwa umetulia kabisa, lakini niliona vidole vya mkono wake mwingine vinatafuta uzi kwenye gauni jipya.

"Padri, samahani," Baba akasema hatimaye. "Taa bado."

"Taa gani?"

"Ya flashi. Haijawaka. Nikisema sasa, haitaonekana."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha kanisa likapasuka kwa kicheko, kuanzia mabenchi ya wanaume mpaka kwa watoto wa mbele. Padri akavua miwani, akafuta macho. "Mama huyu amekusubiri miaka yote," akasema, "unadhani atashindwa kusubiri taa?"

"Mimi nipo," Mama akasema. "Siondoki."

Kicheko kikazidi, kisha watu wote wakanigeukia mimi. Kanisa zima! Kile kitu nilichokikimbia tangu Kasokola kikawa kimenizunguka pande zote, na hapakuwa na shangazi wa kumnong'oneza. Nikatazama kataa. Giza. Giza. Halafu, taratibu kama jicho la mtu anayeamka, kakawaka.

"Tayari," nikasema kwa sauti yangu ya kila siku, ile inayoishia kwenye kola. Baba hakusikia. Alikuwa amenikazia macho kama mtu aliyeko ng'ambo ya mto anayesubiri kuvushwa. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa anasubiri taa pekee. Alikuwa anahitaji mtu amwamuru, kama yeye anavyowaamuru wengine. Nikavuta pumzi.

"Tayari Baba! Legeza mabega! Sema!"

Sauti iligonga bati ikarudi. Sijui ilitoka wapi. Mabega ya Baba yakashuka, kweli yakashuka, akamgeukia Mama na akasema maneno yote bila kukosea, haraka kidogo, kama anayeogopa betri. Nikabonyeza kamera na flashi pamoja. Pwaa. Vigelegele vikapanda mpaka sikusikia majibu ya Mama, ila niliona midomo yake, nikaridhika.

Komunio ikafika. Mkono wangu ulikuwa juu ya kamera. Nilitaka picha ile kuliko nyingine zote, na kataa, kwa ubishi wake, kalikuwa kamewaka. Nikamtazama Baba. Hakutikisa hata kichwa. Aliniachia mimi. Nikaifunga kamera, nikailaza kwenye benchi, nikapiga goti. Mama akainuka kwenda mbele. Safari hii hakumpisha mtu; yeye alikuwa wa kwanza. Aliporudi kwenye kiti chake alikuwa amefumba macho na anatembea bila kujikwaa. Picha hiyo haipo mahali popote, ndiyo maana naiandika.

Nje ya kanisa nikasikia redio ya mjomba Filbeti inaimba kwa nguvu ambayo jana yake haikuwa nayo. Nikamtazama. Akatazama redio. Akatazama flashi yangu.

"Mpwa wangu," akasema, "zile betri zilikuwa na mwenyewe?"

Filamu ikapanda treni Jumatatu. Nimewasafirishia watu harusi nyingi Tabora na nililala vizuri, lakini hii iliniondolea usingizi na hamu ya ugali. Kama meno hayakushika? Kama betri zilinidanganya? Mama hakuuliza hata mara moja. Baba ndiye aliyekuwa anakuja kuniuliza kila jioni, yeye bwana harusi, na mimi nikamjibu kama wateja wote: "Treni bado." Treni ilichelewa kweli, behewa la mizigo lilikuwa limeacha reli huko porini. Iliposikika ikipiga honi, Baba alivaa shati huku anatembea.

Tukafungua kopo hapohapo kwenye mchanga wa stesheni, migongo yetu kwa watu. Zimetoka. Zote za muhimu zimetoka! Ya mlangoni ina giza kidogo. Ya ahadi iko safi: Padri anacheka bado, Mama ameinua uso, na Baba mdomo uko wazi, mabega chini, hamtazami mpiga picha hata kidogo. Nilikaa kwenye begi la mtu nisiyemjua.

Nyumbani Mama alizipitia zote, akazipanga mezani, akazipitia tena.

"Ya komunio haimo," akasema.

"Kamera ilikuwa imelala, Mama."

Akaitikia kwa kichwa. "Vizuri. Ile ilikuwa yangu mwenyewe." Kisha akachukua ile ya Baba mdomo wazi, akaondoa picha ya harusi ya watu wengine ukutani, akaitundika hiyo. Baba akasema mdomo wake umekaa vibaya, kuna nyingine ambayo ameufunga. Mama akamwambia, "Huo mdomo nimeungoja. Acha ukae wazi."

Sasa mimi nasubiri majibu ya mtihani, na nyie mnajua kuchanganya dawa, mnajua treni, na Paskali una sauti ya muuza magazeti tangu kuzaliwa. Sina wasiwasi. Jumamosi iliyopita ilikuwa ya kwanza bila mimi. Nilikuwa uani nafua, natazama mapovu, najisikia mwepesi mpaka nikaanza kuimba. Mlitoka wawili, Baba na wewe Paskali, begi kwenye kapu la baiskeli, harusi ya Kasokola. Mlikuwa mmeshafika kwenye kona mlipomsikia Mama akitoka mbio mlangoni, kanga inapepea, ameinua mkono juu, majirani wote wanatazama:

"Bwana harusi! We bwana harusi! Betri umeziacha!"

Baba akasimama. Nilidhani atainama, kama kawaida yake. Akageuza baiskeli, akarudi polepole katikati ya barabara wakati watu wanacheka, mabega yake yamelegea kabisa.